Mtoto wa Kulea na Nasaba Yake: Amana Iliyo Mikononi Mwetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini, wanaume kwa wanawake, huko Nkuhungu, Dodoma)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.), ambaye alizaliwa baba yake akiwa amekwisha kufariki, akampoteza mama yake akiwa na umri wa miaka sita, akalelewa na babu yake na kisha na ami yake, naye baadaye akawa mlezi wa wengine.



Mada niliyopewa ni haki za mtoto wa kulea. Walioniomba niizungumze walijua kwamba mimi mwenyewe nimekuzwa katika nyumba isiyokuwa ya baba yangu. Kwa hiyo nitaeleza mafundisho ya dini yetu, na pale inapobidi nitataja yaliyonipata, si kwa kutaka kuhurumiwa, bali kwa sababu humu msikitini wamo wazazi wanaolea watoto wa wengine, na wamo watoto wanaolelewa, na pengine wapo ambao hawajaambiwa.

Jambo hili si geni katika nchi hii ya Ugogo. Wazee wetu walipitia njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa kati ya wakazi 150,000 wa eneo hili. Katika njaa za namna hiyo wazazi waliwaacha watoto wao kwa watu waliokuwa na chakula, ili angalau mtoto apone. Baadhi ya watoto hao hawakurudi tena kwa wazazi wao, wakahesabiwa katika koo za watu wengine. Baadaye ukaja ugonjwa wa UKIMWI, nao ukawaacha mabibi wengi na wajukuu bila wazazi wa kati. Na tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji wetu umejaa watu kutoka kila pembe, na pamoja nao wamekuja watoto ambao jirani hajui ni wa nani. Kwa hiyo tunazungumzia mambo ya mitaa yetu wenyewe.

FADHILA ZA KULEA

Hakuna Mwislamu anayepinga kwamba kulea yatima ni ibada kubwa. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa karibu Peponi kama vidole viwili vilivyo jirani. Kurani Tukufu, katika Suratul Maun, inamtaja anayemsukuma yatima kuwa miongoni mwa wanaoikadhibisha dini. Tena tukisoma habari za Manabii tunaona ya kwamba Nabii Musa (a.s.) alikulia katika nyumba ya Firauni, Nabii Yusuf (a.s.) alikulia katika nyumba ya mtu wa Misri aliyemnunua, na Bibi Maryamu alilelewa na Nabii Zakaria (a.s.). Kwa hiyo mtoto anayekulia kwa watu wengine asidhani kwamba Mwenyezi Mungu amemsahau.

Lakini, ndugu zangu, pamoja na fadhila hizo, dini imeweka mpaka mmoja, na mpaka huo ndio tunaouvuka mara nyingi kwa nia njema: kulea kunaruhusiwa na kunasifiwa, ila kubadili nasaba ya mtoto hakuruhusiwi.

KISA CHA ZAID NA KISA CHA SALIM

Zaid bin Haritha (r.a.) alikuwa mtoto wa kabila la Kalb. Alitekwa akiwa mdogo, akauzwa sokoni, akafika Makka katika nyumba ya Bibi Khadija (r.a.), naye akampa Mtume (s.a.w.) kabla ya Utume. Baba yake Haritha alimtafuta kwa muda mrefu. Alipopata habari zake alikuja Makka pamoja na ndugu yake wakiwa na fidia mikononi. Mtume (s.a.w.) hakutaka fidia, alimwachia Zaid achague mwenyewe, naye Zaid akachagua kubaki. Hapo Mtume (s.a.w.) akatangaza mbele ya watu kwamba Zaid ni mwanawe, na tangu siku hiyo watu wakamwita Zaid bin Muhammad.

Fikirini heshima ya jina hilo! Hata hivyo zilipoteremka aya za nne na tano za Suratul Ahzab, zikifundisha kwamba watoto wa kupanga si sawa na watoto wa kuzaliwa, na kwamba waitwe kwa majina ya baba zao, Zaid alirudishiwa jina lake la Zaid bin Haritha. Ikiwa jina la Mtume mwenyewe halikuruhusiwa kufunika jina la Haritha, jina langu mimi au lako wewe litaruhusiwa kwa hoja gani?

Lakini tutazame pia upande wa pili. Je, Zaid alifukuzwa? Je, alipungua katika mapenzi? La hasha. Yeye ndiye Sahaba pekee aliyetajwa kwa jina katika Kurani Tukufu. Mtume (s.a.w.) alimfanya amiri wa jeshi lililokwenda Muta katika mwaka wa 8 wa Hijra, na huko ndiko alikouawa shahidi. Na mwanawe Usama (r.a.), akiwa bado kijana mdogo, alipewa uamiri wa jeshi ambalo ndani yake walikuwamo Masahaba wakubwa.

Kisa cha pili ni cha Salim (r.a.). Huyu alilelewa na Abu Hudhaifa (r.a.), akaitwa mwanawe. Aya zilipoteremka, baba yake Salim hakujulikana. Je, alibaki bila ya jina? Aya hiyo hiyo imetoa jawabu: wale ambao baba zao hawajulikani ni ndugu zetu katika dini na ni watu wetu. Basi akaitwa Salim maula wa Abu Hudhaifa. Na mtu huyu asiyejua baba yake ndiye aliyekuwa akiwasalisha Muhajirina huko Kuba kabla Mtume (s.a.w.) hajafika Madina, naye ni mmoja wa wanne ambao Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wajifunze Kurani kwao. Waliokuwa wakisimama nyuma yake walikuwa watu wenye nasaba zinazojulikana hadi babu wa kumi.

Kutokana na visa hivi viwili tunapata kanuni. Mwenye baba anayejulikana aitwe kwa baba yake. Asiyejulikana baba yake asitungiwe uongo, wala asidharauliwe. Wanavyuoni wameeleza kwamba mtoto aliyeokotwa anaweza kupewa jina la jumla, kama vile bin Abdallah, kwa kuwa kila mwanadamu ni mja wa Mungu.

YALIYONIPATA MIMI

Mimi asili yangu ni Kondoa, katika Warangi. Baba alifariki nikiwa mchanga, na mama akafariki mwaka 1974, wakati wa ukame. Nilikuwa na miaka minne. Mtu mmoja mwema aliyefanya kazi katika reli hapa Dodoma, aliyefahamiana na marehemu baba, alikuja kunichukua. Yeye na mkewe walikuwa na mabinti wawili tu. Walinilisha walichokula wao, na nilipougua homa mama yule alikesha. Mwaka 1978 nilipoandikishwa shule, niliandikwa kwa jina lake. Mwalimu aliuliza jina la baba, naye akajibu kwa jina lake mwenyewe. Najua alifanya hivyo kwa mapenzi, maana hakutaka watoto wenzangu waniulize maswali.

Nilipobaleghe, mama mlezi akaanza kujitanda ushungi kila nilipoingia ndani, na mabinti wakahamishiwa chumba cha ndani. Hakuna aliyenieleza sababu. Leo najua kwamba alikuwa akifuata sheria ya dini, kwa kuwa nilifika kwake nikiwa na miaka minne, umri wa kunyonya umekwisha kupita, na hivyo sikuwa mwanawe wa maziwa wala wa damu. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne ambaye anamwona mama yake akijifunika ghafla mbele yake, naye hajui chochote, huona kwamba amefanya jambo baya. Nilikaa na fikra hiyo mwaka mzima, mpaka mtoto wa jirani aliponitamkia katika ugomvi wa mpira kwamba mimi si wa nyumba ile. Jambo ambalo wakubwa wangenieleza kwa upole, nililipata kwa mdomo wa adui.

Mwaka 1991 baba mlezi akafariki. Mirathi ikagawanywa kama Kurani inavyoamuru: mama akapata thumni, mabinti thuluthi mbili, na baki ikachukuliwa na ndugu wa kiume wa marehemu. Mimi sikuwamo, na sikulalamikia hukumu hiyo, kwa maana mtoto wa kulea si mrithi. Lakini marehemu kwa miaka mingi alikuwa akisema barazani, "Huyu kijana ni mwanangu, na nyumba hii ni yake." Maneno hayo hayakuwa wasia. Hayakutaja kiasi, wala hayakuitiwa mashahidi. Na dini ilikuwa imempa njia iliyo wazi kabisa, yaani kumwusia asiye mrithi mpaka thuluthi moja ya mali yake. Alikuwa na haki hiyo hadi siku ya kufa kwake na hakuitumia, kwa sababu kuandika wasia kungemlazimu kukiri kwa kalamu kwamba mimi si mwanawe wa kuzaliwa. Eda ya mama ilipokwisha, ndugu mmoja wa marehemu akaniambia nitafute pa kwenda.

Mwaka 1993, nilipokuwa nataka kuoa, nilikwenda Kondoa kuulizia. Nilimpata shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alinitajia jina la baba, la babu, na la baba wa babu, akanionyesha kaburi. Halafu akaniuliza, "Waliokulea wako hai?" Nikamjibu kwamba mama yuko hai. Akasema, "Basi usije huku ukamsahau yule. Sisi tulikuwepo na hatukuja kukuchukua." Maneno hayo yaliniondolea jambo zito moyoni, kwa kuwa nilikuwa nikidhani kwamba nikimpata baba mmoja nitakuwa nimemkana mwingine. Katika nikaha yangu nilitaja jina la baba aliyenizaa, na mama aliyenilea ndiye aliyepokea wageni.

MADHARA YA KUFICHA

Watu wengi husema, "Tukimwambia mtoto ataumia." Wahenga walijibu zamani: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Nami naongeza kwamba madhara hayaishii katika moyo wa mtoto tu. Yanafika hadi katika sheria ya dini.

Kwanza, iko hatari ya ndoa. Mtoto aliyefichwa nasaba yake anaweza kuoa au kuolewa na ndugu yake wa damu pasipo kujua, hasa katika mji kama huu ambamo watu wa wilaya zote hukutana.

Pili, binti wa kulea huozeshwa na baba mlezi kana kwamba ni walii wake, hali ya kuwa walii wa haki, kama vile kaka yake au ami yake, yupo hai kijijini na hakuulizwa. Na kama hakuna walii kabisa, jambo hilo hupelekwa kwa Kadhi, si kwa yeyote aliyemlisha binti.

Tatu, iko mali. Mara nyingi yatima huja na haki yake: shamba, ng'ombe au mafao ya marehemu. Jina likibadilishwa, mali hiyo hupotea. Suratun Nisaa imeonya kwa maneno makali juu ya wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma, nayo inawaamuru walezi wawakabidhi mali zao wanapofikia umri na kuonekana wana busara, tena mbele ya mashahidi.

SHERIA ZA NCHI

Ndugu zangu, baadhi yetu hudhani kwamba sheria ya nchi inatulazimisha kubadili jina la mtoto. Sivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwa na jina, uraia, na kuwajua wazazi wake waliomzaa pamoja na ukoo wake. Sheria hiyo ina njia mbalimbali. Iko njia ya kuasili, ambayo kwa amri ya mahakama huhamisha haki na wajibu wote wa mzazi kwenda kwa aliyeasili, na mtoto akahesabiwa kama aliyezaliwa naye. Iko pia njia ya malezi ya kambo, ambayo huratibiwa na maafisa wa Ustawi wa Jamii, na kwayo mtoto hulelewa katika familia bila ya kukatwa na nasaba yake. Kwa Mwislamu njia hii ya pili iko karibu zaidi na ile ambayo fiqhi inaiita kafala. Wenzetu wa Zanzibar, katika Sheria yao ya Mtoto ya mwaka 2011, wameitaja kafala waziwazi. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, nao umeitaja kafala ya Kiislamu kuwa ni miongoni mwa njia za kumtunza mtoto aliyekosa wazazi. Kwa hiyo mwenye kutaka kulea kwa kufuata dini yake hahitaji kujificha wala kughushi cheti cha kuzaliwa.

Na kughushi siku hizi hakumfikishi mtu mbali. Fomu ya kitambulisho cha Taifa inauliza majina ya wazazi. Kijana ambaye cheti chake kina jina moja, kumbukumbu za shule jina lingine, na shangazi anamjua kwa jina la tatu, atasumbuka katika kila ofisi kwa kosa ambalo si lake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusiache kulea kwa kuogopa hukumu hizi. Hapa hapa Dodoma, huko Kikombo, yako Makao ya Taifa ya Kulelea Watoto, na wengi tunayapita njiani tu. Mtoto anahitaji nyumba. Mwenye uwezo na aende Ustawi wa Jamii akaulize masharti.

Pili, mtoto aambiwe ukweli mapema, kwa kadiri ya akili yake, naye asikie kwa mlezi wake mwenyewe. Aambiwe jina la baba yake na mama yake, na kama wapo ndugu, apelekwe kuwaona. Yote yanayojulikana yaandikwe na kuhifadhiwa, kwa maana mlezi naye atakufa.

Tatu, ikiwa mtoto ni mchanga aliye chini ya miaka miwili na yuko mwanamke wa nyumba hiyo anayenyonyesha, amnyonyeshe kwa idadi iliyowekwa na fiqhi. Hapo atakuwa mwanawe wa maziwa, na watoto wa nyumba watakuwa ndugu zake, na hakutakuwa na haja ya ushungi wa ghafla kama ule nilioueleza. Mimi na mke wangu tulipopewa mtoto mchanga wa kike aliyefiwa na mama yake, mke wangu alikuwa na mtoto wa kunyonya, naye akawanyonyesha wote wawili. Leo binti huyo ni mkubwa. Ana jina la baba yake, ananiita baba bila ya uongo wowote, kwa maana mimi ni baba yake wa maziwa, na wanangu ni kaka zake.

Nne, mlezi aandike wasia akiwa mzima, ndani ya thuluthi, na kuweka mashahidi waadilifu. Au ampe mtoto zawadi katika uhai wake na kumkabidhi hasa. Wapo watakaoniuliza, je, si afadhali mtoto arithi tu kama wengine? Jawabu ni kwamba mafungu ya mirathi yamewekwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na hatuwezi kumpa mmoja kwa kuwanyang'anya wengine. Lakini aliyetunyima mlango mmoja ametufungulia mwingine, na binti wa kulea anaweza kwa wasia kupata sehemu kubwa kuliko baadhi ya warithi. Kinachokosekana ni kalamu yetu.

Tano, ninyi majirani na ndugu wa ukoo: msimwite mtoto huyo majina ya kumsimanga, kama "wa kuokota" au "wa kuja". Suratul Hujurat imekataza kuitana majina mabaya. Na ninyi mlio ndugu wa damu wa yatima aliyelelewa kwingine, msingoje awe mtu mzima mwenye mshahara ndipo mseme ni wenu. Mtembeleeni sasa.

Na kwenu ninyi vijana mnaolelewa: kuujua ukoo wako si ukosefu wa shukrani kwa aliyekulea. Zaid alirudia jina la Haritha, na hakuondoka katika mapenzi ya Mtume (s.a.w.) hata siku moja. Waombeeni dua wote wawili, aliyekuzaa na aliyekulea. Siku ya Kiyama hakuna atakayeulizwa kwa nini alizaliwa katika ukoo fulani; kila mmoja ataulizwa juu ya matendo yake.

Mama yangu mlezi alifariki mwaka 2012. Nilisimama katika safu pamoja na waume wa mabinti zake, na aliyetusalisha akanitaja kuwa ni mtoto aliyelelewa na marehemu. Lilikuwa neno la kweli, na lilinitosha.

Namwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walezi wema, wenye ukweli katika maneno yetu na uadilifu katika mali za mayatima, na awarehemu wote waliotulea tulipokuwa wadogo. Amin.

Wa aakhiru daawana anil hamdu lillahi Rabbil alamin.